Wati kwa Sharti Gani? Hotuba kwa Mafundi na Wenye Magari

Ndugu mafundi, na nyie kaka na dada mlioacha magari juani ili mje kusikiliza, wakubwa shikamooni, vijana mambo.

Chukueni boksi la amplifaya ya gari, yaani kikuza sauti, lolote, katika yale yanayopangwa mpaka nje ya maduka pale Kariakoo. Mbele limeandikwa wati 3000 kwa maandishi ya kung'aa. Msisome mbele. Toeni kifaa chenyewe, kigeuzeni upande wa nyaya, mtazame fyuzi. Mkikuta fyuzi mbili za ampea 30, basi kifaa hicho kimejengwa kuvuta kama ampea 60. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni kama volti 13.8. Zidisha: 60 mara 13.8 ni wati 828. Hizo ndizo zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu, maana amplifaya ya daraja AB (daraja ni aina ya saketi yake ya ndani) hupeleka kwenye spika takriban asilimia 60 ya kile inachovuta, na kingine chote kinakuwa joto. Ya daraja D hupeleka takriban asilimia 80. Kwa hiyo mkononi una kifaa cha wati 500 kama ni AB, au 660 kama ni D. Fyuzi huvumilia mruko wa kitambo kidogo, hilo kweli, ila haivumilii wati 3000. Wati 2300 na ushei zilizobaki zimetoka kwa mchapaji wa boksi.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini sikuja kuwakataza vifaa vya bei ndogo. Vipo vya bei ndogo vyenye karatasi ya vipimo ya kweli, na vipo vya bei kubwa ambavyo karatasi yake imejaa maneno matupu. Ninachotaka tuzoee ni kumuuliza muuzaji swali moja kila anapotaja namba: kwa sharti gani? Wati mia, sawa. Kwa volti ngapi, kwenye omu ngapi (ukinzani wa spika), mkwaruzo, yaani sauti kuharibika, ukiwa asilimia ngapi, kwenye masafa gani (mitetemo kwa sekunde, Hz), na kwa muda gani? Namba isiyo na sharti lake ni mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na hizo wati zenyewe, kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Kwenye karatasi mtaona RMS, mtaona Max au Peak, na kwenye vifaa vya chini kabisa mtaona PMPO. RMS ni nguvu ambayo kifaa kinaitoa mfululizo bila kuchoka. Max ni nguvu ya mruko mfupi, na kila kiwanda kina mruko wake. PMPO haina kanuni inayokubalika na wote, ni namba ya matangazo, ipiteni kama mnavyopita bango la barabarani. Ipo kanuni moja kutoka Marekani inayoitwa CTA-2006, zamani ikijulikana kama CEA-2006, na masharti yake yako wazi: volti 14.4, spika ya omu 4, mkwaruzo na kelele visizidi asilimia 1, kuanzia masafa ya Hz 20 hadi 20,000 kwa amplifaya ya masafa yote. Mkiona alama hiyo kwenye karatasi mbili tofauti, mnaweza kuzilinganisha uso kwa uso. Msipoiona, rudini kwenye fyuzi.

Sasa redio. Karibu kila redio ya gari imeandikwa 50W x 4. Mteja anajumlisha, anapata 200, anaondoka kifua mbele. Hiyo hamsini imetoka wapi? Chukua volti 14.4, zidisha kwa 14.4, gawanya kwa omu 4: unapata wati 51.8. Hiyo ni nguvu ya umeme unaoruka juu na chini kama ngazi, wenye pembe kali. Si muziki, ni mkwaruzo mtupu. Muziki una mawimbi ya mviringo, na wimbi la mviringo linalofika kileleni volti 14 lina thamani halisi ya volti 10 hivi. Kumi mara kumi ni 100, gawanya kwa 4, wati 25. Toa kinachopotea ndani ya saketi, unabakiwa na 18 hadi 22 kwa kila spika. Hiyo ndiyo redio yako, hata iwe na skrini kubwa kama sinia la pilau. Redio nyingi hutumia chipu moja tu kwa spika zote nne. Chipu ya TDA7388, kwa mfano, watengenezaji wenyewe wameandika kwenye karatasi yao kwamba 45 ni kiwango cha juu kabisa, na kwamba wati 26 zinapatikana mkwaruzo ukishafika asilimia 10. Asilimia 10 hata mtoto anaisikia. Kwa hiyo kiwanda cha chipu kimesema kweli, ukweli umepotelea njiani kati ya kiwanda na boksi.

Wale wa redio za Android, wino mwingi kwenye boksi unaeleza rami na uhifadhi. Hayo hayaongezi hata wati moja. Angalieni nyuma kama ina matundu ya RCA, yale ya kupeleka ishara kwenye amplifaya, na karatasi inasema matundu hayo yanatoa volti ngapi: 2, 4 au 5. Volti kubwa hapo ina faida ya kweli, kwa sababu waya wa RCA unapita kutoka dashibodi hadi buti ukiokota kelele za gari njia nzima. Ishara ya volti 4 inazidi kelele hizo kwa mbali kuliko ya volti 2.

Na hapa ndipo penye kosa linalounguza twita nyingi, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Kile kitufe cha kuzungusha kwa bisibisi kwenye amplifaya, kilichoandikwa Gain, si sauti. Kazi yake ni kuoanisha volti za redio na amplifaya. Fundi akikizungusha hadi mwisho ili mteja afurahi, amplifaya inafika ukomo wake redio ikiwa bado nusu, na kuanzia hapo inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokatwa kichwa lina nguvu nyingi ya wastani kuliko wimbi zima, na limejaa masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo. Yote hayo yanakimbilia kwa twita yenye koili nyembamba kama unywele. Mteja anarudi kesho: fundi, amplifaya yako kubwa imeua spika yangu. Mara nyingi ni kinyume chake. Amplifaya ilikuwa ndogo, ikalazimishwa.

Njia ya kuiweka sawa inataka mita ya kawaida na dakika kumi. Zima vikuza besi vyote, kwenye redio na kwenye amplifaya, na toni zote, besi na trebo, ziwe katikati. Chomoa spika. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti, yaani 30 kama mwisho wake ni 40. Piga faili la mlio mmoja wa Hz 50 uliorekodiwa kwenye kiwango cha 0 dB, yaani cha juu kabisa cha kurekodi. Weka mita kwenye volti za AC, gusa matundu ya spika, kisha zungusha Gain polepole mpaka usome volti unazozitaka. Volti hizo unazipata hivi: wati za RMS mara omu, halafu kipeuo cha pili. Wati 75 kwenye omu 4 ni volti 17.3. Wati 300 kwenye omu 2 ni volti 24.5. Ukifika, acha, usiguse tena. Kwa spika za mlango wengine hutumia mlio wa Hz 1000, lakini mita za bei ndogo zimetengenezwa kwa umeme wa ukutani wa Hz 50 na nyingi zinadanganya zikipelekwa huko juu. Kama mita yako ni ya hivyo, zima kichujio cha masafa, kile kinachozuia besi, tumia mlio wa Hz 100, kisha urudishe kichujio kabla hujaunga spika. Ukisahau kukirudisha, twita zilizoungwa moja kwa moja kwenye amplifaya zinaweza kukuaga papo hapo.

Twende kwenye omu. Hapa naomba utulivu, na aliye na kalamu aandike.

Omu ni ukinzani ambao spika inauonyesha kwa amplifaya. Ukinzani ukipungua, umeme unaongezeka, na wati zinaongezeka pamoja na joto. Sabufa yenye koili moja ya omu 4 ni rahisi: ni 4. Ila sabufa nyingi mtaani sasa zina koili mbili, zimeandikwa DVC 4 au 4+4. Ukiunga koili hizo sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, unapata omu 2. Ukiziunga mfululizo, chanya ya kwanza iende amplifaya, hasi yake iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi amplifaya, unapata 8. Hakuna njia ya kupata 4 kwa sabufa moja ya 4+4 ukitumia koili zote mbili. Rudieni hiyo sentensi kabla ya kwenda dukani. Anayetaka omu 4 kwa sabufa moja ya koili mbili anunue ile ya 2+2 na aunge mfululizo. Na sabufa mbili za 4+4 zikiungwa zote sambamba zinakuwa omu 1.

Sasa sikia kinachotokea. Karatasi ya amplifaya ya njia mbili inasema inavumilia omu 2 kwa kila njia. Fundi anaziunganisha njia mbili kuwa moja ili apate nguvu, tunasema anabriji. Amplifaya ikibrijiwa, kila nusu yake inaona nusu ya omu za spika. Ukiipa spika ya omu 2, kila nusu inaona omu 1, chini ya kiwango chake. Ndiyo maana karatasi hiyo hiyo, kwa maandishi madogo, inasema ukibriji isipungue omu 4. Ukipuuza, kuna mawili. Ikiwa kifaa kina ulinzi mzuri, taa nyekundu inawaka katikati ya wimbo, kinapoa, kinarudi, kinazima tena. Ikiwa hakina, transista zinapasuka na harufu mnaijua. Jua la Dar halikusaidii: gari lililoegeshwa mchana lina joto kali ndani hata kabla hujawasha chochote, na amplifaya iliyofungwa chini ya kiti na kufunikwa zulia haina pa kutolea lake.

Kuna wanaosema, basi tununue amplifaya ya omu 1, inatoa wati 1000. Inatoa, tena kwa haki. Lakini wati 1000 kwa daraja D zinataka wati 1250 kuingia, na 1250 gawanya kwa 13.8 ni ampea 90. Altaneta za magari madogo tunayoendesha, IST, Vitz, Raum, nyingi ziko kati ya ampea 70 na 100, na humo kuna taa, feni ya rejeta, feni ya AC na kompyuta ya gari. Tena ampea hizo zilizoandikwa ni za injini inayozunguka kwa kasi. Kwenye foleni ya Ubungo, injini ikiwa saileni, yaani inanguruma gari likiwa limesimama, altaneta inatoa pungufu sana. Kinachotuokoa ni kwamba muziki haupigi nguvu yote muda wote. Wastani wake ni kama theluthi moja ya kilele, labda ampea 30 kwa mfano wetu. Unabebeka kwenye gari lenye betri nzima, kwa mtu anayesikiliza kistaarabu. Haubebeki kwa mtu anayefungua buti ufukweni Coco injini ikiwa imezimwa kwa saa tatu, halafu anatafuta wa kumsukuma.

Mtauziwa pia kapasita ya faradi 1, lile kopo linalong'aa lenye namba za buluu, na mtaambiwa linamaliza tatizo la taa kufifia. Tupige hesabu. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita ya faradi 1 inatoa juli 26 (juli ni kipimo cha nishati). Wati 1000 zinakula juli 1000 kwa sekunde. Kapasita yako imekusaidia kwa sekunde 0.026. Kidundo kimoja cha besi ni kirefu kuliko hapo. Pesa hiyo nunulieni waya.

Waya, jamani. Kwenye vifurushi vya waya wa amplifaya kuna namba ya geji: 8, 4, 0. Namba ikishuka, waya unanenepa. Geji 8 ni kama milimita 8.4 za mraba, geji 4 ni 21, geji 0 ni 53. Shida ni kwamba vifurushi vingi vina ganda nene la mpira na ndani kuna waya kama uzi, na waya wenyewe ni alumini iliyopakwa shaba. Hiyo imeandikwa CCA, au haikuandikwa kabisa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Alumini ina takriban asilimia 61 ya upitishaji wa shaba, kwa hiyo waya wa CCA unapoteza volti karibu mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule. Ushauri wangu kwa wa Dar ni kuachana na vifurushi na kwenda maduka ya vifaa vya umeme wa majumbani, mkaombe waya laini wa shaba kwa milimita za mraba. Duka hilo hupimi kwa geji, na milimita ni rahisi kuikagua. Kwa ampea 60 na mita 5 kutoka betri hadi buti, waya wa milimita 25 unapoteza volti 0.2. Wa milimita 10 unapoteza 0.5. Nusu volti inasikika ndogo, lakini amplifaya nyingi hazina utulivu wa volti ndani, nguvu zinashuka pamoja na volti.

Fyuzi ya waya huo mkubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuzuia gari lisiungue pale waya utakapokwanguliwa na bati la bodi na kugusa. Amplifaya ina fyuzi yake. Kuweka fyuzi buti, mita 5 kutoka betri, ni kuacha mita 5 za waya uchi bila mlinzi. Na waya wa ethi uwe mnene sawasawa na wa chanya, mfupi, usizidi nusu mita, kwenye bati lililosuguliwa rangi mpaka ling'ae. Ule mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini asilimia kubwa unatoka kwenye ethi mbovu, au kwenye RCA iliyolazwa upande mmoja na waya wa betri. Hakuna karatasi ya vipimo itakayokuambia hilo, hata iwe imeandika uwiano wa ishara na kelele wa dB 110.

Na huo uwiano wenyewe, kwa kuwa nimeutaja: juu ya 90 hutausikia tofauti ndani ya gari linalotembea Barabara ya Morogoro. Ulinganishe tu kama vifaa vyote viwili vimepimwa kwa wati 1, au vyote kwa nguvu yote. Masafa nayo tuyapite haraka. Spika ya inchi sita na nusu imeandikwa Hz 30 hadi 25,000. Sharti lake ni ile alama ya jumlisha na toa dB 3. Isipokuwepo, namba hizo zinamaanisha tu kwamba kwenye Hz 30 spika inatikisika kidogo.

Kuna namba moja watu wanairuka, nayo ndiyo ningeitazama ya kwanza kwa mtu asiyetaka kununua amplifaya. Ni ile ya dB, inayosema spika inapaza sauti kiasi gani ikipewa nguvu kidogo. Kila dB 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Spika ya dB 90 kwa wati 20 za redio inafika dB 103 kwa umbali wa mita moja, na ya dB 87 inafika 100. Ili ya pili iifikie ya kwanza unahitaji wati 40, na redio haina. Lakini hapa napo kuna sharti lililofichwa. Wengine hupima kwa wati 1, wengine kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8 ni kitu kimoja. Kwenye spika ya omu 4, volti 2.83 ni wati 2, kwa hiyo namba imepanda dB 3 bila spika kubadilika. Kwenye omu 2 imepanda 6. Spika iliyoandikwa 92 kwa volti 2.83 na omu 4, kwa kweli ni 89. Iliyoandikwa 90 kwa wati 1 inaizidi.

Sasa boksi la sabufa, lile la mbao la kuifungia, na hapa nitakawia. Ndani ya karatasi ya sabufa ya heshima kuna Fs, Qts, Vas na Xmax. Muuzaji asiyekuwa nazo anakuuzia koni na sumaku, huwezi kuijengea boksi kwa hesabu, unakisia. Fs ni masafa ambayo koni inapenda kutetemeka ikiwa huru. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na kiwambo chake. Qts inaonyesha jinsi inavyojizuia yenyewe isiendelee kutetemeka baada ya kidundo. Tuchukue mfano: Fs 30, Qts 0.5, Vas lita 50. Boksi la kufungwa lenye besi nyoofu linalenga namba hiyo ya kujizuia ifike 0.707 sabufa ikiwa ndani. Gawanya 0.707 kwa 0.5, unapata 1.414. Zidisha kwa yenyewe, 2. Toa 1, inabaki 1. Gawanya Vas kwa hiyo 1: lita 50. Humo sabufa itaimba vizuri kushuka hadi Hz 42 hivi, yaani 30 mara 1.414. Fundi akiibana kwenye boksi la lita 20 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani tayari, hesabu ileile inatoa 0.94 na Hz 56. Utasikia besi, tena ya kudunda, lakini ni ya noti moja. Kila wimbo, singeli au taarabu, utatoa mdundo uleule.

Kwa lita 50, kata ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 38. Hizo ni lita 53.2, na sabufa ya inchi 12 yenyewe inakula kama lita 3. Kwa ubao wa milimita 18, vipimo vya nje vinaongezeka sentimita 3.6 kila upande: 43.6, 38.6, 41.6. Pima buti kabla ya msumeno. Mafundi seremala wa Keko watakukatia kwa usahihi ukiwapa vipimo vya nje, lakini sisitiza gundi kwenye kila kiungo pamoja na skrubu, na silikoni ndani ya pembe, uiache ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Boksi linalovuja hewa linapiga filimbi na hesabu yote inaharibika. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni nzito na tulivu, inafaa, ila unyevu wa pwani unaivimbisha. Ipake rangi au vanishi pande zote kabla ya zulia, hasa ncha zilizokatwa, au tumia marine board, ubao unaostahimili maji.

Boksi la bomba, lenye tundu, linataka sabufa ya Qts ya chini, 0.4 kushuka. Linapaza zaidi, lakini chini ya masafa ya bomba koni inakosa hewa ya kuishika na inacheza ovyo hadi koili inagonga. Hapo ndipo Xmax inapoingia, milimita ambazo koni inatembea bado ikitii. Besi ikishuka nusu, kutoka Hz 60 hadi 30, koni inatakiwa itembee mara nne kwa sauti ileile. Kwa hiyo mwenye boksi la bomba awashe kichujio cha masafa ya chini sana, kile kilichoandikwa Subsonic, kidogo chini ya masafa ya bomba lake.

Wameniletea maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza, redio ya gari lililotoka Japani haishiki stesheni nyingi. Redio hizo zilitengenezwa kwa FM ya Japani, kuanzia MHz 76 hadi 90 kwa magari ya zamani. Sisi tuko 88 hadi 108. Kile kifaa kidogo cha kuongeza bendi kinashusha masafa yetu ili redio iyaone, lakini dirisha la redio lina upana wa MHz 14 na stesheni zetu zimetandaa 20. Haiwezekani kuzipata zote kwa mshusho mmoja, hata ukibadili kifaa mara kumi. Dawa ni kubadili redio. Na ukibadili, pima tundu: redio ya kawaida ya ukubwa maradufu ni milimita 178 kwa 100, Toyota nyingi zina nafasi ya 200. Nunua ya 200, au nunua vipande vya kujazia pembeni.

La pili limetoka kwa mwenye basi dogo la volti 24. Anauliza kama achukue volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Hapana, kaka. Altaneta inachaji betri zote mbili kwa mfululizo, zinapokea ampea sawa. Ukinyonya moja, hiyo inabaki na njaa na nyingine inashiba kupita kiasi, inachemsha maji yake. Baada ya muda unanunua mbili. Tumia kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, na ukisome kwa sharti lilelile: ampea 30 mfululizo, au ampea 30 za mruko? Redio na spika zake nne zinatosheka na ampea 15 za mfululizo. Amplifaya yenye fyuzi za ampea 60 haitosheki na kigeuzi cha 30.

Mezani hapa kuna sabufa tano ambazo maandishi yamefutika, na mita mbili. Koili ya omu 4 ikipimwa kwa mita husoma 3.2 hadi 3.7, ya omu 2 husoma karibu 1.6 hadi 1.9. Ikisoma 1 kwenye koili ya 4, imeungua ndani na nyuzi zimegusana. Isiposoma kitu, imekatika. Moja kati ya hizi tano ni mbovu. Anayetaka kuanza apite mbele.